Haidrojeni Peroksaidi: Dawa na Sumu kwa Matumbawe

Mtu atazamaye tumbawe kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kwamba ni jiwe au mmea. Kwa hakika tumbawe ni mnyama, tena mnyama aishiye kwa ushirika. Ndani ya nyama yake laini mna mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho matupu, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Bila mwani huo, matumbawe mengi yajengayo miamba hayawezi kuishi kwa muda mrefu.

Lakini si kila mwani ni rafiki. Uko mwani wa nyuzi, wa rangi ya kijani, ambao huota juu ya tumbawe, ukaliziba mwanga na kulisonga. Baharini mwani wa namna hii huliwa na samaki, konokono na nungu wa baharini. Katika tangi la kioo walaji hao ni wachache, na mabaki ya chakula pamoja na vinyesi vya samaki huongeza naitreti na fosfeti, ambazo ni mbolea ya mwani. Aidha, tumbawe jipya linapoingizwa tangini huweza kuleta wadudu waharibifu, kama vile minyoo bapa na konokono wasio na gamba walao nyama ya matumbawe.

Jambo hili si la wapenda mapambo peke yao. Katika Jumba la Makumbusho la Horniman, London, ulianzishwa mwaka 2012 mradi wa kuyazalisha matumbawe ndani ya matangi, na watafiti wake walifaulu kuyafanya yatoe mayai na mbegu kwa wakati uliopangwa. Matumbawe machanga ni madogo mno, na mwani huweza kuyafunika yote kabla hayajakua. Anayetaka kukuza matumbawe kwa ajili ya utafiti au kurudishia miamba iliyoharibika hana budi kulitatua tatizo hili kwanza.

Namna dawa ifanyavyo kazi

Miongoni mwa dawa zinazotumiwa na wafugaji wa matumbawe ni haidrojeni peroksaidi, iliyogunduliwa mwaka 1818 na mkemia Mfaransa, Louis Jacques Thénard. Molekuli yake ni kama ya maji iliyoongezwa atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo haikutulia. Hivyo dawa hii huvunjika upesi ikawa maji na oksijeni. Mwanga huharakisha uvunjikaji huo, na ndiyo sababu huuzwa katika chupa za rangi nzito. Dawa ya kusafishia vidonda ipatikanayo katika maduka ya dawa huwa na nguvu ya asilimia 3, yaani gramu 30 hivi katika kila lita.

Inapopenya ndani ya seli, haidrojeni peroksaidi huunguza utando wa seli, protini na mitambo ya kutengenezea chakula kwa mwanga. Viumbe wengi hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja kabla haijaleta madhara. Mapovu yaonekanayo juu ya mwani uliotiwa dawa ni oksijeni itokanayo na kazi hiyo. Kinga ya kiumbe ikizidiwa, seli hufa, na baada ya siku chache mwani hupauka na kubanduka.

Kipimo ndicho kigawanyacho

Hapa ndipo penye hatari. Dawa hii haiwezi kuutambua mwani adui na kuuacha mwani rafiki ulio ndani ya tumbawe. Kinachotenganisha tiba na maangamizi ni kipimo, muda na mahali inapotiwa.

Mifano ya nje ya matangi ya matumbawe yaonesha jambo hilo. Katika Ziwa Koetshuis, Uholanzi, mwaka 2009, miligramu 2 tu kwa kila lita zilitosha kupunguza sianobakteria kwa asilimia 99 katika siku chache, kwa kuwa kinga yao ni dhaifu. Viumbe wengine wengi hawakudhurika sana. Kwa upande mwingine, wafugaji wa samaki wa aina ya salmoni huko Norway na Scotland wametumia miligramu 1,500 kwa lita, kwa dakika 20 hivi, kuwaondoa chawa wa baharini. Baadaye chawa wa sehemu fulani walionekana kuistahimili dawa hiyo.

Kwa matumbawe, njia iliyo salama zaidi ni kulitoa tumbawe na kulichovya katika chombo cha pembeni. Sehemu 1 ya dawa ya asilimia 3 ikichanganywa na sehemu 9 za maji ya tangi, hupatikana gramu 3 kwa lita, nguvu maradufu ya ile ya salmoni. Kwa hiyo muda wake ni dakika chache tu, kisha tumbawe husuuzwa kwa maji safi ya chumvi. Aina zenye nyama nene huvumilia zaidi kuliko zile za matawi membamba. Ni busara kujaribu kwanza kipande kimoja na kukiangalia kwa siku kadhaa. Wadudu wengi huachia wanapochovywa, lakini mayai yao huweza kubaki hai. Hivyo yapasa yakwanguliwe na tumbawe lichovywe tena yaliyosalia yakianguliwa.

Wengine huitia dawa tangini moja kwa moja, kama mililita 1 kwa kila lita 40 za maji. Hata kiasi hicho kidogo huweza kuwadhuru kamba. Dawa yenye nguvu ya asilimia 35 huunguza ngozi na macho, na haifai kushikwa bila glavu na miwani ya kinga.

Fundisho la baharini

Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya mwambao wa Afrika Mashariki, yalipauka na kufa. Kwa maelezo ya watafiti wengi, joto huvuruga kazi ya mwani ulio ndani ya tumbawe, nao huanza kutoa oksijeni yenye madhara, ikiwamo haidrojeni peroksaidi hiyo hiyo. Ndipo tumbawe humfukuza mshirika wake. Mfugaji azidishaye dawa hulitwisha tumbawe lake mzigo wa namna ile ile.

Kwa hiyo dawa hii ni ya kutibu, wala si ya kulisha kila siku. Na kamwe haifai kumwagwa juu ya miamba ya baharini, ambako kipimo hakiwezi kudhibitiwa. Katika tangi lenye mbolea nyingi mwani utarudi hata ukiunguzwa mara kumi. Kupunguza chakula cha samaki, kubadilisha maji na kuweka konokono na nungu wa baharini walao mwani ndiyo kinga yenyewe. Watafiti wa Horniman nao waliwaweka nungu wadogo pamoja na matumbawe machanga, wakawaachia kazi ya kuula mwani.