Upimaji wa Sumu ya Nge Katika Damu ya Mgonjwa

Kaskazini mwa Nakuru, barabara iteremkapo kuelekea Marigat na Ziwa Baringo, ardhi ni kavu, yenye mawe na vichaka vya migunga. Hayo ndiyo makao ya nge. Kiswahili husema mtu "ameumwa na nge", ijapokuwa kiumbe huyu hudunga kwa mwiba ulio mkiani. Wengi wa wanaodungwa hupata maumivu makali ambayo hutulia baadaye. Wachache, aghalabu watoto, hutokwa na jasho na mate mengi, moyo ukaenda mbio na pumzi ikawa nzito. Tabibu hujiuliza: ni sumu kiasi gani iliyoingia mwilini?

Jibu hutafutwa kwa kipimo kiitwacho Elisa. Kingamwili zilizopatikana kwa kumchanja mnyama sumu ya nge hunatishwa kwenye kisahani cha plastiki. Seramu ya mgonjwa inapomiminwa humo, kingamwili huinasa sumu. Kisha huongezwa kingamwili nyingine zilizobeba kimeng'enya kinachogeuza rangi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo sumu ilivyo nyingi. Kiasi chake huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Watafiti wa Tunisia walionyesha mwaka 1998 kwamba kiwango cha sumu damuni kiliandamana na ukali wa hali ya mgonjwa.

Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kuhamishiwa Baringo vivi hivi. Kingamwili huitambua hasa sumu iliyozizalisha. Androctonus wa Tunisia si jenasi moja na Parabuthus, nge mwenye mkia mnene na magando membamba, apatikanaye katika nyanda kavu za Kenya.

Aidha, sumu hupanda damuni upesi kisha ikashuka. Kwa hivyo, nambari isiyoandamana na wakati wa kudungwa yaweza kupotosha. Hapa ndipo lugha inapoingia. Mama afikapo zahanatini saa kumi alfajiri, akasema mwanawe aliumwa saa mbili usiku, naye mhudumu akaandika 2:00 kwa hesabu ya Kiingereza, saa nane zilizopita zitageuka saa mbili. Sumu iliyokwisha kupungua itadhaniwa kuwa ilikuwa haba tangu mwanzo.

Waama, kabla ya maabara kupima damu, sharti mhudumu aulize, tena kwa Kiswahili fasaha: ilikuwa kabla ya chakula cha jioni, au watu walikuwa wamekwisha kulala?