Kuku Aliyekalia Kopo la Bia

Kuku mzima amesimama wima juu ya wavu wa kuchomea nyama. Miguu yake miwili imetangulia mbele, kopo la bia limezama tumboni, na vitatu hivyo vinamshikilia kama mafiga. Kwa mgeni ni kioja. Kwa Wamarekani, hasa wa majimbo ya kusini, ni chakula cha kawaida cha mwisho wa wiki uani, cha kambi ya wavuvi, au cha kwenye maegesho ya magari kabla mechi haijaanza. Wapo wanaomwita kuku mlevi. Majina yake mengine ni ya utani wa vijiweni na hayachapiki hapa. Nani alianza? Texas wanadai ni wao, Louisiana nao hawakubali, na ubishi huo haujapata mwamuzi.

Aliyemtembeza kuku huyo nje ya kusini anajulikana zaidi. Ni Steven Raichlen, mwandishi wa vitabu vya nyama choma, ambaye katika miaka ya 1990 alikutana naye kwenye mashindano ya wachomaji ya Memphis, mji ulio kando ya Mto Mississippi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1978, hufanyika mwezi Mei, na mfalme wake hasa ni nguruwe. Kuku alikuwa wa pembeni tu. Hata hivyo, Raichlen ndiye aliyemshika mkono, na mwaka 2002 akamtolea kitabu kizima kiitwacho Beer-Can Chicken.

Lakini kabla ya kitabu, vilihitajika vyuma viwili. Mwaka 1952, George Stephen, mfanyakazi wa karakana ya Weber Brothers huko Chicago, alichoshwa na upepo uliomharibia nyama. Akachukua boya la chuma, akalikata katikati, nusu ya chini ikawa jiko na nusu ya juu ikawa kifuniko. Mwaka 1959, kampuni ya Coors ya jimbo la Colorado ikaanza kuuza bia katika makopo ya alumini. Kati ya vyuma hivyo, chenye kazi ya kweli ni kifuniko cha Stephen. Kuku aliyesimama juu ya jiko la wazi huungua chini, huku kidari kikibaki kibichi juu. Funika jiko, na hewa ya moto itamzunguka pande zote kama ndani ya oveni.

Kopo je? Wapenzi wake hueleza hivi: moto hupasha kopo, bia huchemka, mvuke hupanda na kumlainisha kuku kwa ndani, ukimwachia na harufu ya kimea. Maelezo matamu, ila bia yenyewe kwa kawaida haifiki kuchemka.

Nyama ya kuku huhesabiwa imeiva ikifika nyuzi 74 za Selsiasi, wakati maji huchemka kwenye nyuzi 100, na bia zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kopo limezungukwa na kuku, na kuku huyo ametoka kwenye barafu, hivyo badala ya kulipasha analikinga na moto. Mpaka paja linaiva, bia imepata uvuguvugu wa kutosha, basi. Mwandishi wa mapishi Meathead Goldwyn na mwanafizikia Greg Blonder waliupima mchezo huu, wakakuta kiasi cha bia kwenye kopo kilikuwa karibu kile kile kilichotiwa mwanzoni. Goldwyn hakuficha hukumu yake: ni kupoteza bia nzuri. Na hata mvuke ungetoka, ungekuwa wa maji zaidi ya kitu kingine, maana sukari ya kimea na uchungu wa bia havipandi na mvuke. Hubaki kopo lilipo.

Mbona basi kuku huyo ni mtamu? Kwa sababu amesimama. Mafuta yake yanachuruzika kuelekea chini badala ya kumlowanisha mgongo, na ngozi yote inakutana na hewa kavu yenye moto. Ngozi ikikauka ndipo hugeuka rangi ya kahawia na kunukia, kwa mabadiliko ya kikemia aliyoyaeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mapaja, ambayo huhitaji moto mkali zaidi ya kidari, yako chini karibu na makaa. Kila kinachosifiwa kwenye kopo, kigingi cha chuma kisicho na tone la kinywaji kingekifanya vilevile. Pengine kingefanya vizuri zaidi, kwa sababu kopo limeziba uwazi wa tumbo na kuzuia joto lisiingie ndani.

Hapo ndipo penye hatari. Nje kuku amekauka vizuri na kumeremeta, ndani karibu na mifupa ya mbavu bado damu damu, na bakteria wa salmonela hawajali rangi ya ngozi. Mpishi wa kopo asiye na kipimajoto anabahatisha. Kopo lenyewe nalo halikutengenezwa kuwa chombo cha kupikia: nje lina rangi na maandishi, ndani lina utando mwembamba wa plastiki wa kuzuia bia isigusane na alumini. Kuku akishaiva, kazi bado: kumwondoa kwenye kopo lililojaa bia na mafuta ya moto, gizani, juu ya meza ya kambi inayoyumba. Ni kazi ya watu wawili wenye glavu nene na koleo, na watoto wakae mbali.

Anayetaka kujaribu kambini atafute kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu hadi mbili, ampake chumvi usiku wa kuamkia safari, hata chini ya ngozi ya kidari. Chumvi hiyo ina faida kuliko kopo zima la bia, kwa kuwa huingia nyamani na kuisaidia kushika maji yake. Vitunguu saumu, pilipili manga, tangawizi au bizari ni hiari ya mpishi. Njiani kuku akae chini kabisa ya sanduku la barafu, amefungwa asidondoshee maji yake kwenye matunda. Wanaoanza safari ndefu humgandisha kwanza, akawa barafu na kitoweo kwa pamoja. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na saa moja tu kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, hali ambayo Tanga au Mombasa si ngeni. Idara hiyo hiyo inawaomba watu wasimwoshe kuku mbichi. Maji yakiruka hutawanya vijidudu, na kambini hakuna sinki la kusugua.

Moto usiwe chini ya kuku. Makaa yagawanywe pande mbili, katikati liwekwe sinia la kukinga mafuta, kisha kuku asimamishwe juu yake na jiko lifunikwe. Kopo liwe limefunguliwa na kupunguzwa nusu. Kopo lililozibwa likipata moto linaweza kupasuka. Saa moja na robo hadi saa moja na nusu hutosha kuku wa ukubwa huo. Kipimajoto kichomwe kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na kwenye kidari pia. Akishatoka motoni apumzike dakika 10 au 15 kabla ya kisu. Mvua ikianza, jiko lisiingizwe ndani ya hema hata kwa dakika moja, hata makaa yakionekana yamefifia. Hewa ya mkaa haina harufu na imeua watu wengi usingizini.

Wako wanaosema pombe yote huishia motoni. Si kweli. Kwa jedwali la Idara hiyo ya Kilimo, chakula kilichotokoswa na pombe kwa nusu saa hubakiwa na takriban asilimia 35 ya pombe hiyo, na baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Msomaji asiyegusa pombe kwa dini au kwa afya asidanganywe na mpishi mkarimu. Kwenye kopo maji yanafanya kazi ile ile, na kigingi kitupu kinafanya zaidi.

Bia ina mahali pake, na mahali hapo ni chunguni. Wafaransa wa kaskazini na Wabelgiji huipikia nyama kwa kutokosa polepole, na Waafrika Kusini huitia kwenye chungu chao cha chuma chenye miguu mitatu, kinachokaa moja kwa moja juu ya makaa. Humo bia inachemka kweli, inakutana na nyama, na kinachobaki kinakuwa mchuzi. Mpishi wa pwani anayejua kupalia makaa juu ya kifuniko cha mkate wa kumimina tayari ana ufundi wote unaohitajika. Kuku mzima ageuzwegeuzwe kwenye mafuta mpaka awe kahawia, atolewe, vikaangwe vitunguu vingi, imwagwe bia laini isiyo chungu sana, kisha kuku arudishwe, chungu kifunikwe na makaa yawekwe chini na juu. Bia chungu ikipungua motoni uchungu wake huongezeka, kwa hiyo karoti na nyanya zilizoiva ni msaada. Kuku wa kienyeji, ambaye juu ya kopo angetoka mgumu kama alivyoingia, hapa hulainika baada ya saa mbili au zaidi.

Bia pia inafaa kulowekea nyama. Mwaka 2014 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwenye bia kwa saa kadhaa kabla ya kuchomwa kwa mkaa: iliyolowekwa kwenye bia nyeusi ilikuwa na kemikali hatari za moshi pungufu kwa asilimia 53 kuliko isiyolowekwa. Ile ya bia nyeusi ilishinda bia ya kawaida kwa mbali, na hata bia isiyo na kilevi ilisaidia kiasi. Kuku hakupimwa humo, lakini mkaa ni ule ule.

Kwa hiyo mwenye jiko la kifuniko, kipimajoto na hamu ya kuchekesha wenzake kambini amsimamishe kuku wake bila wasiwasi, ikiwezekana kwenye kigingi cha chuma. Asiye na jiko hilo apalie chungu chake, na bia inayozidi aamue mwenyewe pa kuipeleka.