Irisi Isiyotaka Kuchanua

Mtu akikuletea irisi kutoka Ubelgiji ukaipanda Bweremana, itaota. Itatoa majani yake marefu kama panga, yatapendeza, na huenda mambo yakaishia hapo. Wengi husingizia udongo, wakamwaga mbolea. Basi majani yananenepa na shina linaoza.

Kisa ni baridi. Irisi zote za asili ni za upande wa kaskazini wa dunia, na ile yenye ndevu, inayopendwa sana Ulaya, huhitaji majuma kadhaa ya baridi kali ndipo iandae maua. Bweremana iko kando ya Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ikweta haiko mbali. Usiku unajifunika blanketi, ndiyo, lakini baridi hiyo irisi haiitambui.

Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Shina lake hulala ardhini mfano wa tangawizi: funika mizizi tu, mgongo uone jua. Udongo ukiwa mzito, inua tuta kama la viazi vitamu, maana mvua ya Septemba hadi Desemba haisamehe shina lililolala majini.

Mimi ningepanda ndugu yake wa Kiafrika, dietesi. Huyu kwao ni Ethiopia hadi Afrika Kusini, hangoji baridi ya mtu. Anavumilia hata kivuli cha mwavoka, pale maharage yanapokataa. Ua lake jeupe, lenye doa la manjano na zambarau katikati, hudumu siku moja tu. Hapo ndipo wapenda usafi wanapokosea: ua likinyauka, wanakata bua. Bua hilohilo huchanua tena, hata mwaka unaofuata! Kichaka kikisongamana, kigawe mvua zinapoanza, punguza majani nusu, uache nusu mita kati ya miche.

Anayetaka rangi kali apande glayoli, binamu mwingine. Ile ya mwitu, nyekundu na manjano, huota yenyewe kwenye nyasi za Afrika ya kitropiki, Kongo ikiwemo, na ndege chozi huifuata kwa asali yake. Wabelgiji waliichanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1841 chotara huyo akaanza kuuzwa Ghent. Glayoli nyingi za madukani leo zina damu yake.

Zika kitunguu chake sentimeta 10. Majani yakikauka, kichimbe, kianike kivulini, kiweke kikapuni. Kwa watu wanaohamahama kama sisi, bustani inayoingia mfukoni si haba. Vitoto vilivyokizunguka chini, vidogo kama punje za mahindi, uvipande kando na uvivumilie misimu miwili hivi.