Abdilatif Abdalla: kutoka gerezani hadi kwenye maikrofoni ya BBC

Wadau, kuna vijana wanasema utangazaji ni sauti nzuri tu basi. Sisi wa huku Nyantakara tumezoea Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, kwa hiyo tunajua redio si mchezo. Leo nawaletea mtangazaji ambaye maneno yake yalimfunga kabla hajasikika redioni.

Abdilatif Abdalla ni mshairi, amezaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kinaitwa "Kenya: Twendapi?", akihoji kwa nini serikali ya Jomo Kenyatta inakibana chama cha upinzani cha KPU, kile cha Oginga Odinga. Kikasambazwa kwa siri. Wakamdaka, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu!

Akanyamaza? Thubutu! Alifungiwa peke yake na hakuruhusiwa kuandika, lakini akaandika mashairi kwa kujificha, kwenye karatasi za chooni. Ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu cha Sauti ya Dhiki, 1973. Sasa sikia hii: kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani!

Alipotoka 1972 akaja kwetu Tanzania, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1979 akaenda London, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akatangaza mpaka 1986. Enzi hizo matangazo yalikuja kwa masafa mafupi: mawimbi yanadunda kwenye tabaka la juu la anga na kuvuka nchi kibao bila paspoti. Karatasi unaweza kuichoma, ila sauti ya redio utaikamatia wapi? Baadaye akafundisha Kiswahili London, halafu Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi 2011.

Kwa hiyo vijana, mkitaka utangazaji, sauti fanyeni mazoezi, sawa. Lakini kwanza uwe na neno ambalo uko tayari kulisimamia hata likikugharimu.

Nawasilisha. Uwanja ni wenu.