Khabari za Ngare Nanyuki

Watoto wetu wa hapa Kwa Mrombo huuona Mlima Meru kila kunapopambazuka, walakini wengi hawajui yaliyopita upande wake wa pili. Yafaa tuwasimulie.

Ukitoka Arusha kwa njia ya Moshi hata Usa River, ukakunja mkono wa kushoto na kuipita Momella, hutokea mbuga ya majani yenye upepo. Hapo ndipo Ngare Nanyuki, jina la Kimasai, maana yake maji mekundu. Wameru walikuwa wakilima na kulisha ng'ombe wao huko, kwa kuwa nchi ya chini ya mlima ilikwisha kuzungukwa na mashamba ya masetla tangu zama za Wajerumani.

Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson aliishauri Serikali ya Kiingereza igawe upya ardhi za Arusha na Moshi. Ikaamuliwa Ngare Nanyuki wapewe masetla wafugao ng'ombe, na Wameru wahamie Kingori. Wameru wakakataa, hata fidia hawakuipokea. Tarehe 17 Novemba 1951 askari wakaanza kuwatoa. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, mpaka New York. Mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza dhuluma waliyotendewa. Shauri la kuwarudishia ardhi likafika Mkutano Mkuu mwezi wa Desemba, lakini halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa.

Je, safari ile ilipotea bure? La. Aliporudi, Kirilo alizunguka akiwasimulia watu, nao wakafahamu kwamba mtawala naye hushitakiwa. TANU ikaundwa mwaka 1954, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere akasimama mbele ya Baraza lile lile. Leo Wameru wapo tena Ngare Nanyuki, wakilima nyanya kwa maji ya mto wao.

Enyi vijana, khabari hizi zimetufikia kwa kuwa Kirilo na Seaton waliziandika katika kitabu mwaka 1967. Aliyekuwa na miaka kumi siku ya kuhamishwa, sasa amepita themanini. Basi ketini na babu na bibi zenu, waulizeni walikotoka, na mwandike majibu yao. Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, huzikwa na aliyoyajua.