Tayarisha Maji Kwanza, Ndipo Uwatibu Samaki

Leo tuzungumze juu ya perege wanaougua bwawani.

Wengi wetu tukiona samaki hawana raha, hukimbilia dawa. Ngoja kwanza, yatazame maji. Kama alfajiri samaki karibu wote wako juu wanahema, na jua likipanda wanashuka tena, basi yaelekea maji yamekosa hewa. Usiku vile vijimea vya kijani vya bwawani navyo huvuta hewa hiyo hiyo. Hapo dawa haifui dafu. Acha kutia samadi na pumba, fungulia maji mapya, yaingie kwa kuanguka kutoka juu.

Lakini ukiona utando mweupe kama pamba umeshika kwenye kidonda, hiyo ni kuvu, na chumvi ya jikoni yaweza kusaidia. Je, uimwage bwawani? Hebu tupige hesabu. Kipimo cha kuwaogesha perege ni gramu 10 kwa kila lita ya maji. Bwawa la mita 10 kwa 10, kina mita 1, lina lita 100,000. Utahitaji kilo 1,000 za chumvi, yaani magunia 20 ya kilo 50! Nani anayo?

Kwa hiyo tafuta pipa. Lisiwe lililowahi kutiwa dawa ya pamba au ya kahawa, hata ukilisugua vipi. Tia lita 100 za maji safi, ambayo ni madebe matano ya lita 20, na chumvi kilo 1. Koroga mpaka iyeyuke yote kabla samaki hajaingia. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima, ile klorini itoke. Maji ya kisima yaache mpaka ubaridi wake ulingane na wa bwawa.

Chombo cha pili nacho kiwe tayari kando, chenye maji matupu yasiyo na chumvi. Wengi hukisahau hiki, na ndicho cha kumwokoa samaki akizidiwa.

Siku moja kabla, usiwalishe. Lowesha mikono na wavu, maana mkono mkavu humbandua samaki ute wake, na kuvu hupata mlango. Waingize wachache wachache, dakika 10 tu, na usiondoke hapo. Anayelala ubavu mtoe upesi, hata dakika hazijatimia.

Na bwawa lenyewe? Kabla hujawarudisha, zoa pumba zilizooza pembeni na ubadilishe sehemu ya maji. Ukiwarudisha katika uchafu ule ule, wiki ijayo utanunua chumvi tena.

Maji ya pipa usiyamwage kwenye bustani, yataunguza mchicha.