Kauli, Kimya na Mipaka ya Ndege: Dhima ya Rubani

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga. Liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mwongozaji wa chombo, mtu ajuaye miamba na mikondo. Ndege zilipokuja, hatukutafuta neno jingine. Lile la kale lilipandishwa angani. Makala haya yananuia kueleza dhima ambayo neno hilo linabeba leo, yaani kutii mipaka ya ndege na kanuni za usalama, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya dhima hiyo hutekelezwa, au huvunjwa, kwa lugha.

Msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani ni Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho chake cha pili kinamtwika rubani mkuu wajibu wa kuiendesha ndege kwa mujibu wa kanuni, awe ameshika usukani mwenyewe au hakuushika. Anaweza kuzikiuka pale tu usalama wenyewe unapomlazimu. Aidha, kila aina ya ndege ina mwongozo unaotaja mipaka yake: uzito, kasi, kimo na kadhalika. Mipaka hiyo haipanuki kwa ajili ya rubani mzoefu, kwani mabawa hayamjui anayeyaendesha.

Mfano wa karibu nasi, na wenye uchungu, ni ndege ya Kenya Airways ya aina ya Boeing 737-800 iliyoanguka Douala, Kamerun, usiku wa 5 Mei 2007 ikielekea Nairobi. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka wa 2010, inaeleza kwamba ndege iliruka bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Usiku ulikuwa wa giza na dhoruba ilikuwa karibu. Baada ya kuruka, ndege ilianza kulalia upande wa kulia polepole mno. Rubani mkuu akatamka kauli ya kuuwasha mtambo unaoiongoza ndege bila mkono wa mtu. Mtambo haukuwaka. Msaidizi wake hakuithibitisha kauli ile, na kwa muda wa sekunde zipatazo 55 hakuna aliyeugusa usukani. Onyo lilipolia, ndege ilikuwa imeinama takriban digrii 35. Rubani, ambaye hakuwa na alama yoyote ya nje ya kumwonyesha juu na chini, alitapatapa na usukani, na ndege ikazidi kulala hadi ikatumbukia katika kinamasi cha mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani.

Mwanafunzi wa pragmatiki atamkumbuka J. L. Austin, aliyetufundisha kuwa zipo kauli ambazo kuzitamka ndiko kuzitenda. Hakimu akisema mshtakiwa ana hatia, basi ana hatia. Kauli ya Douala ilichukuliwa kana kwamba ni ya aina hiyo, ilhali katika chumba cha marubani neno halitendi lolote mpaka jicho lisome ala na sauti ya pili iitikie. Kanuni ya kuitikiana ipo kwa sababu hiyo hasa. Ripoti yenyewe inataja ukosefu wa ushirikiano kati ya marubani hao na kutofuatwa kwa taratibu za kuuchunga mwenendo wa ndege. Mkuu alikuwa na umri wa miaka 52. Msaidizi, miaka 23. Sisi tuliolelewa tusimkatize mkubwa kauli hatuhitaji kuelezwa jinsi kimya cha namna hiyo kinavyozaliwa.

Wala si tatizo la Waafrika peke yao. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, rubani mkuu wa KLM alianza kuruka katika ukungu bila ruhusa, wakati ndege ya Pan Am ilikuwa bado barabarani. Watu 583 walikufa. Mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa ameuliza kama ile nyingine imeondoka. Aliuliza tu, hakupinga. Mkuu akamjibu kwa yakini kwamba imeondoka. Tangu hapo istilahi za redio zilikazwa: neno la kuruka hutumiwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa.

Huenda msomaji akakumbuka methali isemayo manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, na sheria inakubaliana nayo: ndege ina mkuu mmoja. Lakini methali hiyo inazungumzia wanaogombea usukani. Msaidizi anayesema kwa sauti kwamba ruhusa haijatolewa, au kwamba ndege inalala kulia, hajajifanya nahodha wa pili. Mkuu ndiye mwenye uamuzi, na ili uamuzi huo uwe halali ni sharti ausikie ukweli wa ala kutoka kwa mtu ambaye haogopi kuutamka.